Pedi ya Pili ni ya Baba

Mpanda, Jumamosi, 7 Februari. Asubuhi mvua nyepesi bila upepo, bati lilianza kulia kabla hakujapambazuka.

Mdogo wangu Deo,

Leo baba amecheza gemu. Nakuandikia wewe kwa sababu sioni mwingine wa kumweleza akaelewa ilikuwa kazi gani. Mama mdogo alikuwepo, lakini kwake ile ni televisheni tu, na mpira ni mpira.

Tangu tukuzike sijakuandikia kitu. Kwenye daftari langu nimeandika hali ya hewa, nani kaja, baba kala nini. Siku ulipoletwa kutoka barabara ya Inyonga, na pikipiki yako ikaja nyuma kwenye gari lingine, wanawake walinitazama nilie. Sikulia. Nilikuwa nafikiria vikombe vya chai, kama vitatosha. Wakasema nina moyo mgumu. Hata leo sijui kama walikosea.

Habari za baba huna. Mwezi uliofuata msiba wako alipata kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta, na maneno yanatoka machache tena kwa shida. Tulimtoa kijijini Mamba, mpunga tukamwachia baba mdogo, nikamleta hapa nyumbani. Asubuhi anajiburuta hadi chumba chako cha gemu, anakaa kwenye benchi upande wa kulia, anaitazama televisheni iliyozimwa. Anatazama mpaka chakula. Daktari aliniambia nisimwache hivyo, kwamba mgonjwa akizoea kukaa bila kutaka kitu, anakuwa anaondoka taratibu huku mnamwona. Nikamuuliza baba anataka nini. Alitazama televisheni.

Unakumbuka alivyoanza? Alikuja mjini baada ya mavuno akakuta vijana wamejaa chumbani kwako, akasema nyie mmekosa jembe. Kesho yake alikuwa amekaa nyuma yao anawaelekeza nani apewe mpira. Wiki ile ile ukampa pedi, kile kishikio cha vitufe cha kuchezea. Hakujifunza hata jina moja la mchezaji. Aliyekuwa mrefu alimwita Msukuma, kwa sababu alipita katikati ya watu kama anaswaga ng'ombe, na kipa wako alimwita Shemeji, maana alipokea kila kilichotumwa. Mlicheka mpaka nikaja kuwanyamazisha. Ulipompa ile pedi ya kwanza aliirudisha. Alisema yeye chumbani humo ni mgeni, na mgeni hakai mahali pa mwenye nyumba. Akachukua ya pili. Miaka yote ile sikumwona ameshika nyingine.

Mashine yako imekufa. Inawaka, lakini haisomi CD tena. Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akanirudishia. Ikabaki kompyuta uliyokuwa unawawekea watu nyimbo, na ndani yake ile emuleta, programu inayoifanya kompyuta ijione kuwa ni mashine ya gemu. Mpira wenu ulikuwa umeshaunakili humo. Ulikuwa unauchezea kwa vitufe vya kompyuta, pedi hukuwahi kuunganisha. Ulisema utafanya ukipata nafasi.

Nilinunua ule waya wenye matundu ya pedi upande mmoja na USB upande wa pili. Unanijua, nabadilisha kitu kimoja, najaribu, ndipo nabadilisha kingine. Kompyuta ikaiona pedi, gemu halikuiona. Nikaenda kwenye mipangilio, ambako kila kitufe kinaulizwa peke yake: kubonyeza hiki kufanye nini. Nikajibu vyote. Vitufe vikakubali, ila kile kijiti cha kuzungusha cha kushoto kikabaki kimekufa. Siku tatu nilidhani pedi ni mbovu. Kumbe kuna kitufe kidogo katikati, unakibonyeza taa nyekundu inawaka, ndipo vijiti vinaamka. Wewe ulikuwa unakibonyeza bila hata kutazama.

Halafu mkono. Kwenye mashine yako baba asingeweza kucheza tena, kwa sababu pasi na shuti viko upande wa kulia. Kwenye emuleta kitufe hakina ukoo, unakipa kazi unayotaka. Nilihamisha pasi na shuti kwenye vile vitufe viwili vya juu kushoto, dole gumba likabaki na kijiti. Nilijaribu mwenyewe, mkono wangu wa kulia nimeukalia. Inawezekana.

Alhamisi nikampa. Nilimwekea pedi mkononi, nikawasha, wachezaji wakatoka uwanjani. Alitazama kioo, akaona mchezaji wake ana alama ya namba moja juu ya kichwa. Akaiweka pedi chini.

"Ya mwenyewe," alisema.

Sikuelewa. Nilidhani anasema gemu ni lako, hataki kuligusa. Mama mdogo akaniambia nimwache mzee na msiba wake, naanza kumtesa na mitambo. Nikazima. Ijumaa nzima alitazama televisheni iliyozimwa, na uji aliuacha. Jioni nilipokuwa naukunja ule waya ndipo nikaona nilichokosea. Nilikuwa nimemkalisha mahali pako.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeihamisha pedi. Ni kurudia kila kitufe kutoka mwanzo, kwenye mlango wa pili, ule wa mchezaji namba mbili. Mlango wa kwanza sikuugusa. Niliamini kompyuta yenyewe itaichezea ile timu nyingine, kama mtu anapocheza peke yake.

Baba alishika. Alitazama alama ya namba mbili, akaielewa, dole gumba likasogea. Mpira wa kwanza ulimpotea, wa pili pia. Kisha Msukuma akakimbia nao. Watu wako walitembeatembea uwanjani, lakini yule mwenye alama yako kichwani hakutikisika. Alisimama kama ng'ombe aliyenyeshewa. Baba alimzunguka, akafika kwa Shemeji, akafunga.

Mpira ukarudi katikati. Unajua sheria: aliyefungwa ndiye anaanzisha. Wachezaji wako wawili wakasimama juu ya mpira, na gemu likasubiri. Hakuna saa inayomlazimisha mtu, linasubiri tu. Baba akasubiri. Mama mdogo aliacha kuchambua mchele. Nilitegemea baba atanigeukia, hakugeuka, alikaa mbele ya wale wawili wenye jezi zako, pedi pajani, kama mtu anayemngoja mwenzake aliyetoka nje mara moja.

"Zamu yake," alisema.

Nilikuwa najua vitufe vyako vya kwenye kompyuta bado vinafanya kazi, sikuwahi kuvifuta. Herufi zake umezisugua mpaka hazisomeki. Sikutaka kukaa pale, Deo. Lakini kama nisingekaa, angengoja mpaka chakula, na kesho pia. Nikavuta kigoda upande wa kushoto, nikaweka vidole mahali palipofutika, nikabonyeza. Mpira ukaanza.

Ningependa kukuandikia kwamba nilihisi uko karibu. Nilihisi plastiki. Nilikuwa natafuta kitufe cha kukimbia.

Alinifunga, akanifunga tena, nikaacha kufuatilia. Mimi sijui mpira, nilimpigia kipa wangu mwenyewe shuti, baba akatoa sauti ambayo sikuitambua mara moja. Alikuwa anacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Filimbi ilipolia aliinua mkono ule mzima, akanipungia niondoke kwenye kigoda, kama mlivyokuwa mkiwapungia vijana walioshindwa.

"Aje mwingine."

Niligeuka nikatazama mlango. Kweli niligeuka. Mvua ilikuwa imekatika, pazia limetulia, hakuna viatu kizingitini.

"Hakuna mwingine, baba," nilimwambia. "Nimebaki mimi."

Alinitazama usoni. Sijui alikuwa anahesabu nini. Kisha akashusha macho kwenye vidole vyangu, akaona vilivyokaa.

"Hapo kwake huchezi hivyo," alisema polepole, neno kwa neno. "Mwenzio alikuwa anakaba. Kaba."

Nikakaba. Nimefungwa tena, ila kidogo. Baadaye amekula ugali na kisamvu, akaulizia kesho tunaanza saa ngapi. Nimemwambia baada ya kanisa.

Kwa hiyo pedi ya pili ni ya baba, na mahali pako napakalia. Sikukuomba ruhusa, nakuarifu. Lala salama huko uliko, nami nimechoka, tangu Alhamisi sijalala vizuri. Mama mdogo yuko na mzee. Nimevuta pazia, na sasa ni saa nane na nusu mchana, nalala.

Dada yako