Ukuta wa Bibi Una Joto

Nyumbani,
Mlango wa bluu, nyuma ya karakana ya useremala,
Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko, habari za kazi, na lile goti lako linaendeleaje? Mama anasema kila baridi ikianza hulikumbuka goti lako kuliko anavyokukumbuka wewe. Nilimwambia hayo si maneno ya kumwandikia mtu, na sasa nimeyaandika. Sisi huku tu wazima. Baba mzima, Mama mzima, na Bibi anakula vizuri na kugombana vizuri zaidi. Mimi nimemaliza shule. Nashinda nyumbani nikishona vifungo na kupiga pasi nguo za wateja wa Baba, huku nasubiri matokeo.

Utaona mwandiko ni uleule uliouzoea ila maneno si ya Baba. Unajua utaratibu wetu. Baba anasema, mimi naandika, Mama anaongeza salamu, kisha nawasomea wote kwa sauti ndipo bahasha ifungwe. Barua hii hajaisikia mtu. Naiandika kwenye meza ya kupigia pasi, Baba akiwa amekwenda kupeleka sare za shule kwa miguu. Nesi wa nyumba ya pili anasafiri kuja huko kesho asubuhi na ameahidi kukukabidhi mkononi.

Simu ya nyumba ni moja, inakaa mfukoni mwa Baba, na namba yako imo humo tu. Tukiongea nawe tunaongea wote, spika imefunguliwa. Mbele za watu unanijua nilivyo, shikamoo na ahsante kutoka kwenye kona ya chumba, basi.

Mjomba, nakuomba radhi. Katika barua tatu zilizopita niliandika kwamba gari ulilotuletea ni zima na halina hata mkwaruzo. Habari ya mkwaruzo ni kweli. Hiyo nyingine niliiandika kwa sababu niliambiwa niandike.

Sitaki udhani halikutufaa. Mtaa mzima wanaliita Mkorea, na mwanzoni walilicheka, eti kigari chenyewe kama kiatu cha mtoto. Sasa hawacheki. Mafuta linakunywa kama ndege anayeonja maji. Lilimpeleka Bibi hospitali mara mbili, likambeba Mama na majora saba ya kitambaa, na mlima ule wa kwenda sokoni linaupanda bila kulalamika. Mwenye duka la dawa analo kama hilo kwa mwaka wa tano, na anasema hajabadilisha chochote zaidi ya matairi. Baba akisikia hivyo hutembea kifua mbele kama vile yeye ndiye aliyeliunda.

Na anavyolitunza! Alikishona kifuniko chake wiki nzima, tabaka mbili za kitambaa na pamba katikati, kama kitanda cha mtoto mchanga, na kina vijifuko viwili vya kuvika vioo vya pembeni. Hulitoa Jumapili tu, au kukiwa na nguo ya harusi ya kupeleka. Akirudi hulifunika hapohapo, hata halijapoa, akalipigapiga mgongoni. Kwake si Mkorea. Anamwita Bwana Harusi.

Taa ya njano iliwaka mwezi wa tano. Ni kitaa kidogo kwenye dashibodi, upande wa kulia, chenye alama ya breki. Baba alilipeleka kwa fundi wa kona, fundi akazima, akawasha, akaguna, akasema breki zinashika vizuri, taa tu inajisumbua. Baba akarudi nyumbani, akakata kipande cha bitana nyeusi, duara safi kabisa, akakibandika juu ya taa kwa gundi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Akaniambia, "Umeona? Mtu akizungumza sana unamfunika mdomo kwa adabu." Nikacheka, Mjomba. Nilicheka na yeye.

Kisha gari la Kinanda likaungua. Kinanda ni yule dereva wa teksi anayepiga mluzi wakati wote, utamkumbuka, alikubebea mizigo ulipokuja. Gari lake lilikuwa aina moja na letu, la mwaka uleule, tofauti ni rangi tu. Aliliegesha mbele ya kinyozi, akalizima, akaingia kunyoa. Hakuwa amemaliza shavu la kwanza aliposikia watu wanapiga kelele. Alitoka na povu usoni. Hadi wiki iliyofuata upande mmoja ulikuwa na ndevu na mwingine hauna. Hakumalizia, alisema hana hamu.

Alikuja kwa Baba jioni, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakupiga mluzi.

"Fundi, lile lako litoe pale ukutani," akamwambia. "Langu lilikuwa limezimwa. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni."

Baba hakusimamisha cherehani. "Wewe gari ulilipanda kama punda, Kinanda. Usiku na mchana. Hata punda angeungua."

"Haya, mimi wa punda. Na wewe wa harusi. Lakini litoe."

"Langu linalala kwenye pamba, bwana."

"Hiyo pamba nayo itoe," Kinanda akasema, akaondoka. Mama alimsindikiza hadi mlangoni.

Hapo nikuelezee, maana ulipokuja mara ya mwisho banda halikuwepo. Baba alilijenga ubavuni mwa nyumba, mabati juu na mbao pembeni, bila mlango. Upande wa ndani hakujenga ukuta, alitumia ukuta wa nyumba. Ukuta huo ni wa chumba cha Bibi. Mbele ya gari imeelekezwa huko, na upande wa pili, kichwa cha kitanda cha mama yako. Kati yao ni tofali moja na plasta.

Wiki moja baada ya Kinanda, nilikuwa natafuta uzi wa kahawia kwenye droo ya cherehani, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya wakala wa magari, ya mwezi wa sita, yenye jina la Baba na namba ya gari letu. Nimeisoma mara nyingi naijua kwa moyo. Inasema mafuta ya breki huweza kuvuja taratibu yakaingia kwenye kisanduku cha umeme, nacho kikapata joto na kuwaka moto hata gari likiwa limezimwa. Wanaomba gari lipelekwe, watalitengeneza bure. Na mpaka siku hiyo, imeandikwa kwa herufi nzito, gari liegeshwe nje, mbali na nyumba. Wameeleza pia kwamba dalili ya kwanza ni taa ya njano.

Nilisimama na ile karatasi hadi Baba akaingia. Nilikusudia kusema maneno mengi. Yalitoka mawili tu. "Baba, hii?"

Aliichukua kwa upole, akaikunja tena mara nne. Hakunikaripia. Ingekuwa heri angenikaripia. Alisema, "Shemeji alizunguka uwanja wa magari siku tatu akitafuta la kutufaa. Akaleta mwenyewe hadi mlangoni. Sasa mimi nilipeleke kwa watu walifumuefumue, kisha nimwandikie kwamba zawadi yake ni mbovu? Nitamtazama vipi?"

Nikasema lakini Bibi. Nadhani nilisema. Sauti yangu unaijua.

"Hizo karatasi wanawatumia wote," akasema. "La kwetu halina kitu."

Nilimwambia Mama jikoni. Mama alifuta mikono, akaikausha tena ikiwa tayari imekauka, akasema nisiingilie ya wakubwa, baba yangu ana akili yake. Jioni ile nilimwona amekaa kitandani kwa Bibi, amegusa ukuta kwa kiganja, kama anavyotupima homa.

Nilimfuata Kinanda. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri. Aliniazima spana namba kumi na kunionyesha, kwenye gari la mtu mwingine, jinsi ya kulegeza waya mweusi wa betri. Bila umeme kisanduku hakipati joto. Ufunguo Baba anauvaa shingoni pamoja na futi yake ya kupimia, lakini milango huwa haifungwi, na boneti hufunguliwa kwa kamba ya ndani. Kulisukuma nje siwezi. Liko kwenye gia, na matofali yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu.

Basi kila jioni Baba akiingia kuoga, nilikuwa naenda bandani nachomoa waya, na Jumapili asubuhi anaponyoa ndevu naurudisha. Wiki tano, Mjomba. Mikono yangu ilinuka chuma hadi Bibi akauliza kama nimeajiriwa gereji. Bibi huyohuyo alikuwa analalamika siku hizo kwamba ukuta wake umekuwa wa baridi. Nilifurahi kusikia ulalamishi huo kuliko wimbo wowote.

Ila sikufikiria saa. Saa ya dashibodi ikikosa umeme hurudi kwenye sifuri. Baba ni mtu wa vipimo, na kila Jumapili alikuta saa imepotea. Hakunishuku mimi, hata kidogo. Aliona betri inapoteza mshiko. Jumapili iliyopita baada ya kurudi alifungua boneti mwenyewe, akaukaza waya mpaka mwisho, akauzungushia uzi wa nailoni, ule wa kushonea viatu, mizunguko labda arobaini, akapaka gundi juu. Kazi safi, kama kila kazi yake. Kisha akalifunika. Spana aliikuta juu ya tofali, akasema fundi wa kona amesahau, akairudisha kwa fundi.

Hayo yalikuwa Jumapili. Gari halijatoka tangu siku hiyo. Leo ni Jumatano.

Asubuhi nilipompelekea Bibi chai alikuwa ameegemeza mgongo ukutani, macho ameyafumba, anatabasamu.

"Njoo uguse, mjukuu wangu," akaniambia. "Ukuta umerudi. Mifupa yangu inafurahi."

Niligusa. Ni joto la pasi uliyoizima muda mfupi uliopita. Jua huko halifiki, unajua, upande ule ni kivuli siku nzima. Nilimwomba ahamie kitandani kwangu. Alisema alihama kutoka kwenye nyumba yake mwenyewe, hahami tena kutoka kwenye joto.

Nilikwenda bandani. Ukiinua kifuniko kuna harufu. Si ya mafuta. Ni kama ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko.

Mjomba, Baba hamsikilizi Kinanda, hasikilizi karatasi, na mimi sijui kusema nikasikika. Wewe atakusikiliza. Mwambie kwamba hutaona aibu zawadi yako ikitengenezwa. Mwambie umesikia habari za magari haya huko uliko, kwamba wote wameambiwa, na unamwomba alitoe nje leo hiihii kisha alipeleke kwa wakala. Ukisema wewe umeomba, atalitoa kwa furaha, tena atalishonea kifuniko kingine. Tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia. Akijua mwandishi wake ameandika kwa siri, sijui kama atanipa tena kalamu.

Leo nitalala na Bibi. Nimemwambia naota ndoto mbaya, akacheka, akasema msichana mzima. Nitalala upande wa ukutani, mgongo ukigusa, ili niwe wa kwanza kujua.

Nisalimie Shangazi na uwaambie pacha wenu kwamba magauni yao yamekwisha, yamebaki vifungo. Mama anakusalimu ingawa hajui. Bibi anakuombea kila siku, nimemsikia, na anakutaja kabla ya kutaja maradhi yake. Mungu akulinde barabarani na kazini, na akufikishie karatasi hii upesi.

Mimi mpwa wako anayekupenda, yule wa kona ya chumba.

Nyongeza. Sijaifunga bahasha. Baba amerudi, akaingia kuoga, nami nikachukua mkasi wake wa kitambaa, ule ambao hata Mama haruhusiwi kukatia karatasi. Nyuzi zimekatika zote. Gundi imekataa. Nimevuta hadi ukucha umeng'oka na waya haujatikisika, na mkasi umepata pengo mahali pawili. Sikuurudisha kwenye droo. Nimeuacha juu ya boneti, wazi, na kifuniko nimekivua na kukiweka chini. Atauona akitoka kulifunika tena, na ataniita.

Nikiitwa nitajaribu kusema kwa sauti. Lakini usinitegemee mimi, Mjomba. Yale niliyoandika ya kunificha, yafute. Mwambie ni mimi. Na ukifika hapa usirudi juu kusoma upya, piga simu kwanza.