CD ya Sauti ya Baba

Langoni, Lamu
Jumatano, 12 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Mahir,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Salala, wewe na mkeo, na lile goti lako je? Sisi twamshukuru Mola. Mama apanda ngazi mpaka darini kwa miguu yake mwenyewe, ila sukari yamsumbua kwa kuwa mbele ya halua hasikii la mtu.

Sasa kaa kitako. Uliondoka hapa baada ya kugombana na Baba, na akafariki hamjaonana. Miaka kumi na moja, kila ukipiga simu wauliza kama alikuwa radhi nawe. Mama hukujibu ndiyo, nawe husadiki. Basi mwezi uliopita, ndani ya kasha la Mama, tumeikuta kanda aliyojirekodi Baba Ramadhani yake ya mwisho. Asoma Yasini, kisha aomba dua, na jina lako limo.

Utauliza mbona sikukutumia kwa simu. Muulize mamako! Asema radhi ya mzazi haitupwi hewani, hupelekwa mkono kwa mkono. Na lori lako si lacheza CD? Nikamwita Zamzam, binti wa Ami Bakr, yule anayepiga video za harusi za wanawake, akaja nyumbani na kompyuta yake. Mahir, mwanamke yule ni fundi! Kanda ilikuwa imeoza, ikakatika pale pale alipomaliza kuihamisha. Mimi nilipiga ukelele. Yeye alisema alhamdulillahi, akaendelea na kazi.

CD tupu zilikuwa tano tu, maana siku hizi hata Mombasa huzipati. Ya kwanza ilifika katikati, mashine ikaitema. Zamzam akapunguza mwendo, asema kuchoma CD hakutaki pupa. Ya pili ikatemwa. Akalipangusa jicho la mashine kwa pamba, kwani chumvi ya bahari huingia kila mahali. Ya tatu nayo ikagoma. Mimi nilishaanza kutaja mahasidi kwa majina, yeye hakupandisha sauti hata mara moja.

Akaichukua ya nne, akaigeuzageuza kwenye mwanga, kisha, wallahi, akainusa.

"Bi Rahima," akaniambia, "CD hii yanukia udi."

Mama! Tulimkuta jikoni na chetezo chake. Kumbe alipotusikia twasema tutachoma CD alishtuka. Maneno ya Mola na moto, wapi na wapi? Akaona haya kutugombeza mbele ya mgeni, akazichukua kwa siri kabla hatujaanza, akazifukiza zote, kama tufukizavyo nguo za Idi, ili zisivunjiwe heshima. Na udi wenyewe ule wa sukari, wanata! Mashine itaona nini kwenye utando ule?

Nilifungua mdomo niseme yangu, Zamzam akanitangulia. Alimbusu Mama mkono, akamwambia amefanya vyema, na kwamba CD ikishakamilika watakifukiza kifuko chake pamoja. Adabu gani hiyo! Mimi niliyemzaa nisingeiweza... astaghfirullah, mimi aliyenizaa, nimechanganyikiwa kwa kumsifu.

Akaziosha mbili zilizobaki kwa maji na sabuni kidogo, akizipangusa kutoka katikati kwenda nje. Ya nne ikafika mwisho, lakini redio ya jikoni ikakataa kuicheza. Zamzam akajicheka mwenyewe: aliiandika kama faili za kompyuta, na redio za zamani hazizifahamu, zataka iandikwe kama nyimbo. Na CD ikishaandikwa haiandikwi tena, basi ikabaki moja. Mama ameshika tasbihi, mimi nimeshika kiti. Ilipotoka tukaitia redioni, na Baba akakohoa, kile kikohozi chake kabla ya kusoma. Sote watatu tulilia.

Hamdun wa Mjomba asafiri kuja huko Jumamosi, ataileta mkononi. Usiisikilize ukiwa waendesha. Egesha lori kwanza.

Mama akusalimu sana, na Zamzam, na Ami Bakr na watu wa nyumba yake. Msalimu mkeo. Mola akulinde katika kila ndia upitayo.

Mama amenikataza kukuandikia alilosema Baba, ataka ulisikie mwenyewe. Leo namwasi, barua hii naipiga picha nakutumia kwa simu, Mola anisamehe, kwa kuwa Jumamosi ni mbali na wewe umengoja vya kutosha. Alisema: "Na Mahir wangu, yaa Rabbi, niko radhi naye tangu siku ile ile aliyotoka mlangoni."

Ni mimi dada yako akupendaye,
Rahima