Rangi Haijakauka

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na wote hapo nyumbani. Goti la shemeji linaendeleaje? Mwambie aache ubishi, ayafanye yale mazoezi aliyopewa. Mimi nipo, napumua, kazi ipo. Ukiona mwandiko umepinda, ujue naandika nimesimama dirishani. Nikikaa kitako tu, miguu inaanza kucheza yenyewe, nanyanyuka.

Binti yangu hajambo? Najua anakuchosha kwa maswali. Nilipomleta kwako baada ya talaka, mama yake alipohamia mbali kikazi, nilisema ni kwa muda tu, mpaka nimtengenezee chumba chake. Tangu hapo kila ukipiga simu nakwambia rangi haijakauka.

Basi nikupe habari za hicho chumba. Kwanza nilikipaka kijani. Nikakitazama, nikaona kinafanana na jiko letu la zamani, mimi na wifi yako. Aliyekuwa wifi yako, ulimi bado haujazoea. Nikakwangua yote. Nikapaka njano, nikaona inanipigia kelele. Nikapaka samawati, nikahisi baridi. Muuza rangi akiniona tu anacheka, ananiuliza kama nimefungua hoteli. Mafundi wenzangu wamenibandika jina la Kinyonga, nami nacheka nao, maana kazini mimi ni mcheshi mpaka tunafunga ndoo. Nikirudi nyumbani navua viatu, navaa tena, natoka, nazunguka mtaa mzima bila kununua hata kiberiti, narudi, nashika brashi.

Niwie radhi, hapa niliacha kalamu nikakimbilia jikoni. Nilibandika maji ya chai nikasahau, sufuria imeungua. Siku hizi ndiyo mambo yangu.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapaka ukumbi wa shule. Nikiwa juu ya ngazi brashi ikaniponyoka, moyo ukanienda mbio, machozi yakanitoka, na wala hakuna aliyenisema. Msimamizi alinishusha taratibu kama mzigo wa vioo, akanipeleka mwenyewe kwa daktari. Daktari akaniuliza nalala vipi, nakula nini, nawaza nini. Nikajibu kwamba ni uchovu tu. Akasema uchovu humtoka mtu akipumzika, lakini huu wangu ni sonona, huzuni iliyokaa mpaka ikawa ugonjwa, na kwamba unatibika. Amenipa dawa, na kila wiki nakwenda kuzungumza na mshauri. Mimi nilidhani watu wakiachana kwa amani kama sisi, bila ugomvi wala matusi, mwanamume anajikaza kisabuni na yanaisha. Hayajaisha, dada.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Jana binti yangu alichukua simu yako ulipokuwa unaoga, akanipigia. Tafadhali usimgombeze. Akaniuliza kama rangi imekauka. Nikamwambia bado. Akasema nimchukue tu hivyo hivyo, yeye hataegemea ukuta. Godoro atalivuta katikati ya chumba, na mikono ataiweka mfukoni.

Dada, nimekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Rangi ya ukuta haichukui hata siku mbili kukauka, na fundi gani asiyejua hilo? Chumba kiko tayari siku nyingi. Niliogopa mtoto asije akanikuta hivi nilivyo, akamwona baba yake analia huku anamenya viazi, akadhani ni yeye aliyenikosea. Namtaka kuliko kitu chochote, na nimekuwa nikimkimbia.

Mlete Jumamosi. Nawe ukae nasi kidogo, maana peke yangu bado siwezi, na naona aibu kuandika hivyo lakini ndiyo kweli. Nitamweleza mwenyewe kwamba baba anaumwa na anatibiwa. Kuta sasa ni nyeupe. Mwambie rangi atachagua yeye, tutapaka pamoja, na aegemee popote anapotaka.

Mpe shemeji pole ya goti, na umshukuru kwa kunilelea. Nitawapokea stendi, kama kawaida nitakuwa nimesimama.

Mdogo wako akupendaye,
Kinyonga