Koti Lako Langoni

Mpendwa baba,

Jumamosi nilikuona.

Nilikuwa nimeshuka Nkubu nikitoka Embu, nikachukua boda boda hadi kwenye mteremko wa kwetu, na nilipoinua macho nikakuona umesimama langoni. Koti lako la kijivu, lile zito la sufu. Kofia yako ya pama imelazwa upande wa kushoto, jinsi ulivyoilaza wewe peke yako katika kata nzima. Mikono mfukoni. Mbwa wako Karantini amekaa miguuni pako, anatazama barabara. Baba, nilipiga yowe ambalo nasikia lilifika hadi kwenye kituo cha kununulia majani chai. Mfuko ukanitoka, maembe yakabingirika mtaroni. Mwenye boda boda hakuuliza kuna nini. Aligeuza pikipiki akatoweka.

Halafu wewe ukafungua mdomo, ukasema kwa sauti ya Mama, "Makena, sasa unapigia nani nduru? Okota hizo maembe."

Alikuwa Mama! Mama yuleyule aliyenirudisha nyumbani kutoka kwenye arusi ya binamu yangu kwa sababu sketi ilionyesha magoti. Mama ambaye sijawahi kumwona ndani ya suruali, hata siku za kuvuna viazi kwenye matope. Sasa alikuwa amevaa suruali yako, ameifunga kiunoni kwa kamba ya ng'ombe, na chini yake gambuti. Mimi ni fundi cherehani, baba, jicho langu haliwezi kutulia. Mikono ya koti ilikuwa imemeza vidole vyake vyote. Mabega yalikuwa yameanguka hadi karibu na viwiko. Nilisimama pale, embe mkononi, sijui nicheke au nilie, na nadhani nilifanya yote mawili.

Si kwamba sikuwa nimeambiwa. Mwenda alikuwa amenipigia simu kutoka Nairobi. "Makena, mathe anavaa nguo za buda. Si mara moja, ni kila jioni. Watu wananipigia wakiniuliza kama amechizi. Wewe ndio unajua mambo ya manguo, enda umvue hiyo koti." Nilidhani anatia chumvi. Unamjua mwanao, akiona panya husema ameona chui.

Mambo yalikuwa mabaya kuliko alivyosema. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba katika ukoo wetu nguo za marehemu hazikai nyumbani. Hugawanywa, na koti humwendea ndugu. Siku ya kugawa ilifika, wazee wakanywa chai, baba mdogo Gitonga akanyoosha mkono, na Mama akasema hatoi. Alifunga kabati akaweka ufunguo kifuani. Hilo lilizungumzwa mpaka sokoni. Alipoanza kuzivaa, kamati ya akina mama wa kanisa ikamwita. Wakampa hadi Jumapili hii: agawe nguo za mzee kama wajane wenzake, au arudishe kitambaa cha umoja wao.

Unajua kile kitambaa cha kichwani kilivyo kwake. Amekivaa tangu kabla sijazaliwa. Hukifua peke yake kwenye beseni lake, hukianika kivulini, hukipiga pasi kwa ndani. Amezika watu akiwa nacho, amekuzika wewe akiwa nacho. Kumvua Mama kitambaa mbele ya wenzake ni kumwambia aanze kutembea barabarani bila jina. Ndiyo maana nilipanda gari. Nilikuja kumvua koti ili abaki na kitambaa.

Ajabu ni kwamba mtu wa mavazi nyumbani kwetu ulikuwa wewe. Baba za wenzangu walisikiliza taarifa ya habari ya saa moja jioni wakiwa wamevua mashati, miguu kwenye karai la maji ya moto. Wewe ulioga, ukavaa koti, ukapangusa viatu, ukaweka kofia, kisha ukakaa mbele ya redio kana kwamba umealikwa. Siku moja nilipita sebuleni nikiwa na ndala na nywele nusu zimesukwa. Ulizima redio! "Nchi inazungumza na wewe, na wewe umekuja hivyo?" Nikarudi kuvaa viatu ili nisikie bei ya sukari imepanda. Na picha za waheshimiwa gazetini ulizikagua kama fundi. "Mtu asiyeweza kufunga tai yake, atafungaje hesabu za serikali?" Ushonaji wangu nilisomea chuoni, lakini kuangalia nguo nilijifunza kwako.

Na mbwa wako! Majirani walikuwa na Simba na Tiger, sisi tulikuwa na taarifa ya habari inayobweka. Katiba alizaliwa mwaka ule wa kura ya katiba mpya, na ulimpigia saluti. Ugatuzi alivuka mto siku moja akaenda kaunti ya pili, hakurudi, ukasema ndivyo ulivyotarajia. Karantini aliletwa akiwa mdogo kama kiatu, wakati ule tulipokatazwa kutoka. Mama hakumwita yeyote kwa jina. Wote walikuwa "hiyo kitu yako". Mbwa ni wa nje, alisema, na mguu wa mbwa usikanyage sementi yake. Lakini saa moja ikifika Karantini alipita mlangoni, akalala juu ya viatu vyako vilivyopanguswa, na Mama akajifanya anatafuta mwiko.

Basi Jumamosi hiyo, saa moja, Mama alikaa kwenye kiti chako. Kofia kichwani. Akawasha redio. Karantini akaja, akalala juu ya gambuti, sahani yake ya githeri ikiwa pale pale, juu ya sementi! Akala. Kisha waziri fulani akaanza kueleza kwamba mafuta yamepanda kwa manufaa yetu, na mama yangu, ambaye miaka yote taarifa ikianza alikuwa anaondoka kwenda kuchambua maharagwe, akapiga mkono wa kiti akasema, "Uongo! Huyo ananunua mafuta wapi yeye?" Kuishi kwingi ni kuona mengi, baba, lakini hilo sikuwa nimejiandaa kuliona.

Taarifa ilipoisha nikamwambia nililotumwa. Nilimwambia kwa upole, halafu bila upole.

"Mama, ni koti tu. Mpe baba mdogo."

"Na hii mbwa?"

"Mbwa amefanya nini?"

"Baba yako alipozikwa hii mbwa ilikataa kula. Ilikuwa inakufa, Makena. Nilipikia ata nyama, ikaangalia kando. Siku moja nilisikia baridi, nikavaa koti ya mzee nikatoka nje. Ikainuka. Ikakula. Sasa nitoe koti, ikufe?"

Usiwacheke watu wazima wanaomlilia mbwa, niliingia jikoni nikalia. Nililala nikipanga maneno ya kuwaambia wanakamati: kwamba ni huruma kwa mnyama, kwamba hata Maandiko yanasifu mtu anayejali uhai wa mfugo wake. Nilijiona wakili.

Sasa sikia lililonipata Jumapili. Mama alikataa kwenda kanisani, akasema wakitaka kitambaa watakuja kukichukua. Mchana nikatoka nje kuanua nguo, nikamwona nyuma ya jikoni. Alikuwa amevaa gauni lake la maua na sweta. Hakuna koti, hakuna kofia. Na Karantini alikuwa anakula mkononi mwake! Mkia unapiga ukuta, anakula ugali kwa kelele kama mtu aliyetoka kulima, na Mama anamwambia, "Pole pole, Karantini, utaziba koo." Kwa jina, baba. Alimwita kwa jina.

Nguo zilinianguka mavumbini. Nilihisi hasira, nakwambia ukweli. Ukoo umegawanyika, kanisa limekasirika, nimefunga duka siku za arusi, kumbe mbwa hana shida!

"Mama! Si alikuwa hali kitu bila koti?"

Hakushtuka. Aliendelea kumlisha hadi ugali ukaisha, akapangusa mikono kwa sweta.

"Mbwa ilianza kula kitambo," akasema. "Mimi ndiye sijaanza."

Ndipo nikamtazama vizuri. Tangu Jumamosi nilikuwa nimeangalia koti, jinsi lilivyompwaya, na nikadhani ni kwa sababu wewe ulikuwa mkubwa. Fundi mimi! Mkono wangu hupima wanawake kutwa, na sikuona kwamba hata gauni lake la maua lilikuwa linampwaya. Aliniambia kwamba chakula humshuka tu akiwa ndani ya koti, kwa sababu bado lina harufu yako, ya tumbaku na sabuni ya kipande, na akikaa hivyo anahisi kwamba hali chakula peke yake. Saa moja hula vijiko kadhaa, mbwa chini, yeye juu. Kutwa nzima hali kitu. Niliketi chini, kwenye mavumbi na zile nguo safi, nikamshika miguu.

Kamati ilikuja alasiri, akina mama watatu wenye vitambaa vyao, Mama Kinoti mwenyekiti akiwa mbele. Unamkumbuka, yule mjane mrefu uliyesema anasali kama anayetoa amri. Nilijua Mama asingesema neno, kwa hiyo nilisema mimi. Sikuleta habari za mbwa wala Maandiko. Niliwaambia mama yangu hali chakula, na anapokula ni ndani ya koti hili. Wakitaka koti, wajue wanabeba na sahani.

Mama alikuwa ameshatoa kitambaa, amekikunja, amekiweka mezani mbele yao. Nilidhani Mama Kinoti atakichukua. Mkono wake ulipita juu ya kitambaa ukaenda kwenye koti lililokuwa mgongoni mwa kiti. Akashika ukosi. Akauinamia, akavuta ile harufu ya tumbaku.

"Mimi nilitoa zote," akasema. "Siku ile ile walisema nitoe, nikatoa. Ata soksi moja sikubaki nayo. Saa zingine usiku natafuta kitu yake yoyote, nakosa."

Mama akamsogelea. Wale wengine wawili wakawa wanatazama kalenda ukutani.

Kisha akawa mwenyekiti tena. Akajipangusa macho kwa kiganja, akakaa wima. "Lakini desturi ni desturi. Nguo ya marehemu lazima ipewe mtu. Sasa niambieni, ni nani alisema asipewe bibi yake? Ila mtu akipewa nguo, lazima imtoshe. Hii bado ni ya mzee. Makena, si wewe ni fundi?"

Nikasema ndiyo.

"Ikate."

Baba, nimekata hariri za maharusi bila kupepesa macho. Mkasi ulipogusa mkono wa koti lako, nilishindwa. Ni Mama aliyeweka mkono wake juu ya wangu, tukakata pamoja. Lile pindo la mkono lilipoanguka sakafuni Karantini aliliokota, akaenda nalo chini ya kiti, akalilalia. Nikaingiza mabega, nikapandisha pindo la chini, kwa sindano ya mkono kwa kuwa cherehani iko Embu. Mama alilivaa. Vidole vyake vilionekana. Likawa koti la mwanamke mfupi, na zuri, ukitaka kujua. Mama Kinoti akachukua kitambaa mezani, akamfunga kichwani kwa mikono yake, na kwa kuwa saa moja ilikuwa imefika, Mama akaweka kofia yako juu yake. Kitambaa na kofia ya pama! Ungeizima redio kwa mshtuko.

"Ongeza sauti," mwenyekiti akasema, "huku nyuma hatusikii."

Suruali na viatu vimekwenda kwa baba mdogo, ambaye bado amenuna kwa ajili ya koti. Atazoea. Mwenda nimemtumia picha, akajibu kwamba mathe anakaa kama waziri.

Jana jioni, nikiwa nimerudi Embu, nilimpigia Mama simu. Hakushika. Baadaye akanipigia yeye, mkali, akaniambia mtu aliyelelewa vizuri hapigi simu nchi ikizungumza. Nikamwuliza amekula nini. Akasema mukimo, na akaongeza, na mchana pia alikula, ndani ya gauni. Halafu akaniuliza kama nimesikiliza taarifa, na nilikuwa nimevaa nini.

Baba, nilikuwa na ndala.

Nikazivua, nikavaa viatu, nikawasha redio. Taarifa ilikuwa imeshaisha. Nilikaa tu hapo, nimevaa vizuri, kwa ajili yako.

Pumzika, baba. Huku tunakula.

Binti yako,
Makena