Zawadi Hakuwa Mchoyo

Buswelu, Mwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba mvua za Tukuyu ziwe hazijakuzidishia maumivu ya mgongo, na mama awe anaendelea vizuri na dawa yake ya presha. Mimi mwili ni mzima, kazi ya kushona ipo, jua la huku linachoma vilevile. Ila roho haijatulia. Ningekupigia simu, lakini najijua: ningepaza sauti, na mtoto hampazii baba yake sauti. Ndiyo maana naandika.

Baba, nimefukuzwa kwenye timu.

Niliwahi kukueleza habari za Zawadi, yule binti wa Kisesa ninayecheza naye mpira wa kikapu. Kwa kufunga, hakuna anayemfikia. Lakini uzuri wake ni kwamba akizingirwa anakuachia mpira, nawe unafunga bila jasho. Hivyo ndivyo tulivyofika fainali: wakimkimbilia yeye, sisi tunabaki huru, wakitukimbilia sisi, tunamrudishia.

Jumamosi, kabla ya fainali hiyo kule mjini Nyamagana, kocha akatuita pembeni.

"Leo kuna mgeni kutoka Dar, anatafuta mchezaji," akasema. "Mpira wote kwa Zawadi. Na wewe Zawadi, ole wako nikuone unatoa pasi. Ukichukuliwa wewe, na mimi nimepata njia."

Zawadi akauliza taratibu, "Kocha, wakinijia watatu je?"

"Piga hivyohivyo!"

Wakamjia watatu kweli. Mimi nimesimama upande wa pili peke yangu, mikono juu, hakuna hata anayenikaba. Mara moja tu alinipasia, nikafunga. Badala ya kushangilia, kocha akamfokea mpaka mate yakamruka. Tangu hapo Zawadi akawa anapiga tu, mpira unagonga chuma, unaangukia kwa wapinzani. Na watazamaji wakaanza: "Mchoyo! Mchoyo huyo!" Hapo ndipo damu iliponichemka. Wanamtukana mtoto wa watu kwa kosa la mtu aliyekaa kwenye kiti anakunywa soda!

Robo ya tatu Zawadi akaruka katikati ya wale watatu, akaangukia goti. Yowe alilopiga bado nalisikia, Baba. Ameshika mguu, anatetemeka. Kocha akaja, wala hakuinama.

"Nyanyuka, mgeni bado yupo."

Nikamwambia palepale, mbele ya watu, "Huyu ni mtoto wa mtu, si ngazi yako ya kupandia!" Mimi na nahodha tukambeba, tukamlaza kwenye benchi. Kisha nikawaambia wenzangu yale uliyokuwa ukitufundisha shuleni: mwenye nafasi afunge, aliyebanwa atoe. Kocha alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, hakuna aliyegeuka. Nilipoachwa nilifunga, nilipobanwa nilitoa, na kwa mara ya kwanza siku ile tukacheza kikapu. Tulishindwa kwa kikapu kimoja tu.

Jioni kocha akaandika kwenye kundi letu la simu kwamba nimevunja nidhamu, nisikanyage tena mazoezini. Akaongeza kwamba tumeshindwa kwa uchoyo wa Zawadi. Soma tena hapo, Baba. Uchoyo wa Zawadi!

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kisesa. Goti limevimba kama boga, na daktari amemkataza kucheza kwa muda mrefu. Mama yake alinikaribisha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Eti ni kweli mwanangu alikuwa mchoyo?"

Nikaweka sahani chini. Nikamweleza kila kitu, neno kwa neno. Zawadi, aliyekuwa amelala ameelekea ukutani, akaanza kulia. Na mimi nikalia, kwa hasira.

Juzi kocha kanipigia. Wenzangu wamegoma kufanya mazoezi, kwa hiyo anasema niombe radhi kidogo tu, nirudi, yaishe. Nikamuuliza, "Umeshafika Kisesa kumwona?" Akajibu kwamba ametingwa na shughuli. Nikakata simu.

Najua utaniandikia kwamba hasira hasara. Safari hii nakuomba usiniandikie hivyo. Siku kocha atakapoingia kwenye nyumba ile, akae chini, amwambie yule mama kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mwanawe alicheza alivyoamriwa, siku hiyo hasira yangu itaisha. Hata asiponirudisha kwenye timu.

Mpe pole mama. Nisalimie kaka Ambakisye na pikipiki zake za kutengeneza, na shangazi Tupokigwe pale gengeni kwake. Bibi mwambie kitenge chake nimeshakipata, cha maua makubwa kama alivyotaka.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna,

Tumpe