Kimenikimbia

Mama,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba asiyesalimia hana haki ya kugomba, kwa hiyo nasalimia kwanza. Nimekuja kugomba.

Tumekuzika vizuri. Watu walijaa uani pako Mjimwema mpaka wengine wakakaa barabarani, na kwaya iliimba nyimbo zako zote, hata ile uliyokuwa ukisema wanaiimba kwa pua. Kila aliyenishika mkono aliniambia sentensi ileile: "Pole Perpetua, kazi ya Mungu haina makosa." Mwenyekiti wa jumuiya aliisema. Kaka Otmari aliisema kwenye kipaza sauti, mara mbili. Muuza mkaa aliisema huku macho yake yakitafuta sufuria ya wali. Sentensi nzuri sana hiyo, Mama. Inafunga kila mdomo, na aliyeisema anaondoka na usingizi wake.

Mimi umenizaa na mdomo usiofungika. Uliniita Redio. "Redio yangu haina kitufe cha kuzimia," uliwaambia wageni, nusu kwa aibu, nusu kwa majivuno. Basi nisikilize.

Nilipofika hospitali ulikuwa umeshanyamaza. Mama mdogo Kandida, aliyekuja kutoka Peramiho kukuuguza, ndiye aliyenieleza maneno yako ya mwisho. Ulikuwa ukirudia neno moja tu: kimenikimbia, kimenikimbia. Wakakaa kikao kando ya kitanda. Mama mdogo akasema ni kivuli, kwamba kivuli cha marehemu Baba kilikuja kukuchukua, ukakiita, kikakukimbia. Kaka akasema unaweweseka, ni presha. Presha ndiyo iliyokuangusha pale uani, presha ndiyo inayokusemesha. Hakuna aliyekuona ukianguka. Walikukuta chali karibu na mlango wa jiko, nyonga imevunjika, maharage ya kuchambua yametapakaa, na kigari chako cha kutembelea, kile chenye mishikio na kiti cha kupumzikia, kiko kule chini kwenye uzio. Wakakiokota kigari wakakiegemeza ukutani. Hakuna aliyejiuliza kilifikaje kule.

Tena ulikuwa umewaambia, kwa neno moja lenye ngeli yake kamili. Hukusema umenikimbia, wala imenikimbia. Ulisema ki. Watu wazima waliokunywa uji wa shule wakaisikia ki hiyo wakaenda kutafuta kivuli, na kigari kimesimama nyumbani kina matope kwenye magurudumu.

Unajua aliyetufumbua macho ni nani? Mtani wako. Yule Mhehe jirani yetu, Mama Zawadi, aliyekuwa akikwambia kila asubuhi juu ya uzio, "Kamwene, Mngoni, bado hujafa?" nawe ukimjibu, "Nakusubiri wewe utangulie ukanifagilie." Tuliporudi kutoka makaburini alifanya kazi yake ya utani. Alijifunga khanga yako ile ya njano, akavaa miwani yako, akachukua kigari na kuanza kutembea uani kama wewe.

Watu walicheka mpaka wakalia. Nami nilicheka, lakini alikuwa anakuigiza barabara, Mama, na kadiri alivyokuigiza ndivyo kicheko kilivyonikauka. Aliinama kama mtu anayepalilia, kwa sababu mishikio ilikuwa chini mno kwa urefu wako. Mwaka mzima ulikwenda kanisani umekunjwa hivyo, na sisi tukasema uzee. Ile mishikio inapandishwa, Mama! Kuna skrubu pembeni, inazungushwa kwa vidole. Unasimama wima, unaachia mikono ining'inie, mshikio unafika kwenye kifundo cha mkono, basi. Nani alikwambia? Mpwa wangu alipokileta kutoka Dar, kimeshatumika na mtu mwingine, tulipiga makofi, tukapiga picha, tukakukabidhi kama mtu anayekabidhiwa mwavuli.

Mama Zawadi akaendelea. Akakisukuma mbele mbali, mikono imenyooka, kiwiliwili kikifuata nyuma, kama unavyosukumwa mkokoteni wa matofali. Akatundika kikapu kwenye mshikio mmoja na kidumu cha maji kwenye mwingine, kigari kikapepesuka. "Mchumba wangu huyu hanuni," akasema kwa sauti yako hasa. "Namtwisha mzigo, anakwenda tu." Uani kote vigelegele. Kisha akafika pale karibu na mlango wa jiko, ulipokuwa ukipenda kukaa, mahali penye mteremko mdogo. Akageuka. Akabinya breki zote mbili kuelekea chini kama ulivyokuwa ukibinya wewe, akakusanya khanga, akaketi kwenye kile kiti.

Kiti kiliondoka. Mama Zawadi akakaa chini puu, miguu juu, kigari kikatelemka chenyewe mpaka kwenye uzio. Na yeye pale chini, bado yumo kwenye utani, akapiga kelele: "Jamani! Kimenikimbia!"

Watu wakaangua kicheko. Kisha kikakatika. Mama Zawadi alivua miwani yako taratibu, akatutazama, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Kumbe." Halafu akaanza kulia kilio ambacho si cha utani.

Nilisimama. Ungenizuia, najua. Nikawaambia: kazi ya Mungu haina makosa, tumekubaliana, sasa mniambie breki ni kazi ya nani? Kaka akanivuta mkono. "Perpetua, hapa si mahali pake." Nikamuuliza mahali pake ni wapi. Kila Jumamosi Otmari anaisimamisha pikipiki yake ya bodaboda hapohapo uani, anakaza nyororo, anajaribu breki, na mtu akimharakisha anajibu, "Hiki chombo kinabeba roho za watu." Nikamwambia mbele ya ukoo wote: na cha Mama kilibeba nini, Otmari? Maboga? Akauachia mkono wangu. Nami sikumhurumia, na mpaka leo sijamhurumia vya kutosha.

Wewe nawe nina hasira nawe. Mara ngapi uliulizwa, "Kigari kinakwendaje?" ukajibu, "Kinakwenda vizuri, msinifanye mgonjwa"? Ulikuwa unasikia kwamba hakishiki. Hukusema, kwa sababu mwanamke wa rika lako akilalamikia kitu alichopewa anaitwa hana shukrani. Mama, shukrani hiyo imekuvunja nyonga.

Siku ya kuanua matanga ndipo niliposhikwa na hasira ya pili. Ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Khanga, vyungu, rozari, kila kitu kikapata mwenyewe. Kisha mjomba akatangaza kwamba kigari aende nacho Mama mdogo Kandida, maana magoti yake nayo yamechoka. Hivyohivyo kilivyo! Na matope yale yale! Nikaenda nikakiegemeza ukutani nikakikalia. Nikasema hakitoki. Mjomba akasema nina uchoyo wa mali ya marehemu. Mama mdogo akaniambia, machozi yakimlengalenga, "Mwanangu, unaninyima hata ukumbusho wa dada yangu?" Nikamjibu kwamba nikimpa ukumbusho huo leo, kesho tutamzika yeye. Maneno makali, najua. Aligeuza uso. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kuitwa mchoyo.

Nikakipeleka Bombambili kwa fundi baiskeli. Akakitazama akacheka. "Dada, hiki si cha hospitali? Mimi natengeneza vya barabarani." Nikamwambia mama yangu alikwenda nacho kanisani barabarani, na malori yalimpisha. Akasema basi aondoe breki kabisa, zinasumbua tu wazee. Tukagombana mpaka wateja wake wakavuta viti. Mwisho akakipindua, akanionyesha: waya wa breki ulikuwa umelegea kabisa, kile kipande kinachobana tairi kimelika, na matope mekundu ya masika yamegandia humo kama saruji. Kukitengeneza kwenyewe kulikwisha kabla hajamaliza chai aliyokuwa akinywa. Sikujua nicheke au nimpige mtu.

Jumapili iliyopita nilikwenda Peramiho na kigari. Mama mdogo alinikaribisha kwa baridi, lakini aliniandalia ugali. Tulipomaliza nilimsimamisha uani, nikapandisha mishikio mpaka ikamfaa. Nikamwambia atembee akiwa ndani ya kigari, kati ya magurudumu ya nyuma, asikikimbize. Kikapu kiwekwe kwenye kile kimfuko cha mbele, mishikio isitundikwe kitu. Wajukuu wasimsukume akiwa amekikalia, hicho si kiti cha magurudumu. Alipotaka kukaa nilimzuia. Nikamwambia abinye breki chini mpaka zilie, kisha akitikise kigari kwa nguvu, kisha arudi nyuma mpaka kiti kimguse miguuni, ndipo akae. Akabinya, zikalia. Akatikisa. Hakikusogea. Akatikisa tena, kwa hasira, kama anamtikisa mtu.

"Hakinikimbii," akasema.

Tukatazamana. Hakukaa. Aliinamia ile mishikio akalia, nami nikamshika kiuno, na ndipo nilipolia mimi pia, Mama, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Kabla ya hapo nilikuwa sina nafasi.

Otmari anataka msalaba wako uandikwe ile sentensi. Nimekataa. Litaandikwa jina lako, na hilo linatosha. Mungu nitaongea naye mwenyewe, hajanikosea. Ila yeye amesimama katika kila msiba tukimbebesha breki zetu mbovu, nasi tunasema amina.

Nakuahidi hili. Kila mwezi nitapanda gari kwenda Peramiho na brashi na spana, nisafishe yale magurudumu, nikaze ule waya, hata nikipokewa kwa baridi. Na nikisikia bibi yeyote hapa Songea amepewa kigari, nitabisha hodi kwake, nikifukuzwa nitarudi. Redio yako haizimwi.

Lala salama, Mama. Na kama huko uliko wamekuwekea kiti, usiogope. Kaa. Safari hii nimejaribu breki mwenyewe.

Mwanao,
Perpetua