Siku Nilipompigisha Jeki Mswaki

Jumamosi, jioni. Baridi ya Juni, na Mlima Kwaraa umejifunika wingu tangu asubuhi kama mtu asiyetaka kuamka. Ningekuwa na wingu langu, na mimi ningejifunika.

Nianze na mdomo wa Jeki, kwa sababu kila kitu kimeanzia hapo.

Jeki ni mbwa wetu. Mzee kidogo, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha. Kwetu hapa Maisaka mbwa ni mlinzi: anakula ugali uliobaki na mchuzi wa dagaa, usiku anabweka, basi. Hakuna anayemwangalia meno. Lakini mimi ndiye ninayempa chakula, na siku hizi anakinusa, anatafuna upande mmoja, halafu anaacha. Mate yanamdondoka. Na ile harufu! Jana nilimfunua mdomo. Meno ya nyuma yana ukoga wa kahawia, umeganda kama ukoko wa sufuria, na fizi zimevimba, nyekundu.

Nilimwambia mama. Akasema, "Esta, mimi mwenyewe jino linaniuma tangu Pasaka." Mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo nikaingia mtandaoni. Makala ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha kusoma hakinishindi. Cha kuongea ndicho kinanikimbia, na mbele za watu hata Kiswahili kinanikimbia. Nikasoma kwamba ukoga usipoondolewa unakuwa mgumu kama jiwe, fizi zinaoza, jino linalegea, na mbwa anaumwa kimyakimya. Umzoeze taratibu. Kwanza umguse midomo, halafu mswaki laini, uzungushe pale jino linapokutana na fizi.

Bando likakata.

Nikaona nilichosoma kinatosha.

Leo mama alipoenda sokoni, nikampeleka Jeki nyuma ya banda la kuku. Mswaki wangu wa zamani, dawa ya meno ya nyumbani. Niliikamua nyingi, kwa sababu na harufu ilikuwa nyingi. Alivumilia. Nilikuwa nasugua, naye ananitazama kwa yale macho yake ya kuniamini, povu linazidi kujaa. Halafu nikagusa jino bovu. Akaruka, akanipita, akatoka getini.

Fikiria mwenyewe. Mchana kweupe, mbwa anatoka mbio, povu jeupe linaning'inia, anatikisa kichwa, analia.

Jirani yetu Mama Neema alikuwa anatoka bombani. Ndoo ilianguka kwanza, sauti ikafuata.

"Mama yangu weee! Mbwa kapata kichaa! Watoto ndani! Baba Esta, mbwa wako!"

Vijana wa bodaboda wakaja kutoka kijiweni na fimbo na mawe. "Kaeni mbali, akikung'ata na wewe unaanza kubweka," mmoja alisema. Wenzake wakacheka, lakini mawe hawakuyaachia.

Nilikimbia mpaka kwa Mama Neema. Sentensi nilikuwa nayo tayari: ni dawa ya meno. Nikafungua mdomo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba mwanangu, ingia ndani haraka!"

Nikaingia ndani.

Baba alitoka, akapiga mluzi, Jeki akamfuata kama kawaida yake. Akamfunga kwenye mpera. Mwenyekiti wa mtaa akafika, na watu wakajaa uani kwetu. Mimi nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia.

"Mpeni maji tuone," mtu akasema. Wakasukuma bakuli kwa fimbo ndefu. Maji ya Juni ni baridi hata kwa meno mazima. Jeki akalamba mara moja, akalia, akarudi nyuma mpaka kamba ikamkaba.

"Mmeona? Anaogopa maji!"

Mama, ambaye ndiyo kwanza amefika na kikapu chake, akasema kweli yake, "Hata chakula siku hizi hali vizuri." Watu wakaguna. Baada ya muda Jeki akatapika. Wakaguna tena. Kila kitu ambacho ni cha jino kiligeuka kuwa cha kichaa, na aliyejua ni mimi peke yangu.

Baba alijaribu. "Mbwa huyu kachanjwa."

"Chanjo inaisha nguvu, Baba Esta," Mama Neema akamjibu. "Sisi tuna watoto wadogo." Sikumchukia. Kweli ana watoto wadogo.

Wamekubaliana hivi: daktari wa mifugo anakuja kesho asubuhi, na majirani wanataka amchome Jeki sindano ya kummaliza, wasiendelee kulala na wasiwasi.

Sasa niandike ambalo sijamwambia mtu. Nilijidanganya kwamba nanyamaza kwa ajili ya mama, kwa sababu akisikia nilitia mkono mdomoni mwa Jeki ataanza kunililia na mimi kama maiti, akidhani kichaa kimeniingia. Si kweli. Niliogopa watacheka. Mbwa anapigishwa mswaki? Kesho si utampeleka saluni! Nilikuwa nawasikia kabla hawajasema.

Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa Jeki afe.

Jioni dada yangu kaniwashia intaneti ya simu yake, nikamalizia ile makala. Mstari uliofuata, ule ule ambao bando lilinikatia, unasema usitumie dawa ya meno ya binadamu. Mbwa hajui kutema, anaimeza, inamdhuru tumbo. Na jino likishaoza, mswaki hausaidii tena, ni kazi ya daktari.

Nilipaswa kuanza na daktari. Sasa anakuja kwa kazi nyingine.

Nikamtumia baba ujumbe. Yuko sebuleni, mimi chumbani, katikati ni ukuta tu. Niliandika: Baba shikamoo. Lile povu ni dawa ya meno. Nilimpigisha Jeki mswaki. Jino lake limeoza, ndiyo maana hali.

Tiki zikawa za bluu. Redio ikapunguzwa sauti. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika. Baba naye si mtu wa maneno, nadhani ndiko nilikotoa.

Akajibu: Marahaba. Mimi nakuamini. Wao hawataniamini mimi, watasema namtetea mbwa wangu. Kesho utamwambia daktari wewe mwenyewe, mbele yao. Lete na mswaki.

Nimeuosha, nimeuweka mezani. Unyoya mmoja wa Jeki umebaki katikati ya nywele za mswaki, hautoki.

Nimesimama mbele ya kioo kufanya mazoezi. Hata kioo nimekiamkia kwanza.

Huko nje Jeki ananung'unika polepole, upande ule wa jino. Sijaruhusiwa kumsogelea. Asubuhi daktari atakuja na sindano yake, na Mama Neema atakuwepo, na vijana wa bodaboda, na mwenyekiti. Ni dawa ya meno. Kimoyomoyo naisema vizuri kabisa.

Kwa sauti, bado.